Kupanga Bustani ya Nyumbani Kwenye Kiwanja Kitupu: Maji Kwanza, Njia Pili, Maua Mwisho

Kila masika yakipita napigiwa simu ileile. Mtu amehamia nyumba mpya, amepita barabarani akanunua miche mia, akamlipa kijana achimbe mashimo, na kwa miezi miwili ua lilipendeza. Kisha mvua ikaja. Nyasi zimeoza upande mmoja wa nyumba, upande mwingine zimekauka. Udongo umehamia barazani, na watoto wamejitengenezea njia yao katikati ya maua.

Ukiangalia vizuri, huyu mtu hakukosea mche hata mmoja. Alikosea mpangilio wa kazi: alianza na kitu kinachopaswa kuja mwisho. Mwongozo huu unafuata kazi kwa zamu yake. Mfano wangu ni kiwanja cha Dar es Salaam cha mita 20 kwa 25, chenye nyumba ya mita 10 kwa 12 katikati. Kama uko Tanga, Mombasa au Unguja, karibu yote yanakuhusu. Aliye Arusha au Nairobi abadilishe majina ya miti na majira ya mvua, hatua zibaki zilezile.

## Andaa hivi kabla ya kugusa jembe

Kwa ajili ya kupima na kuchora:

- Futi kamba ya mita 30 na ya mkononi ya mita 5
- Uzi wa fundi, vigingi ishirini vya mbao na nyundo
- Mpira wa levo, yaani ule mpira mwembamba unaoonyesha maji, wa mita 15 hivi
- Karatasi za grafu, penseli, kifutio na kalamu za rangi tatu
- Chupa ya plastiki ya lita moja yenye mdomo mpana
- Majivu au chokaa ya kuchorea ardhini

Kwa ajili ya kazi yenyewe: jembe, sururu, chepe, reki, toroli, panga, ndoo mbili za lita 20, mpira wa kumwagilia, na bomba za plastiki za inchi 2 vipande vichache. Samadi iliyooza, kokoto na udongo usinunue sasa. Kiasi chake utakijua baada ya hatua ya tano, na anayenunua mapema hununua pungufu au hujaza njia ya kuingilia gari kwa miezi sita.

Kuhusu wakati: kazi za udongo na mitaro zifanywe kipindi cha ukavu, kuanzia Julai hadi Septemba. Kupanda kuanze vuli inapojitokeza, Oktoba au Novemba. Hivyo mizizi inapata mvua nyepesi kwanza na masika ya Machi inaikuta imeshashika.

## Hatua ya 1: Pima kiwanja na ukichore

Tumia kipimo cha sentimita 1 kwa mita 1. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kinaingia barabara kwenye karatasi ya A4.

Chora mipaka, kisha nyumba, kisha vitu ambavyo haviwezi kuhama: geti, tanki la maji, kisima, shimo la maji taka na kila mfuniko wa chemba, nguzo ya umeme, mita ya maji. Weka na milango na madirisha. Mlango wa jikoni na dirisha la chumba cha kulala viandikwe majina, utaona sababu mbele.

Ili ujue kama pembe ya kiwanja ni mraba kweli, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Umbali wa kuunganisha ncha hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, pembe imenyooka. Viwanja vingi havitapita mtihani huu. Usiogope, chora kilivyo.

Onyo moja: usitegemee ramani ya fundi aliyejenga nyumba. Mimi niliwahi kuiamini, nikachimba shimo la mti palipoandikwa "wazi" nikakuta bomba la maji taka. Muulize aliyesimamia ujenzi bomba linapita wapi, au funua chemba mbili zinazofuatana na uvute uzi kati yake.

Ramani ikiwa sawa, mtu asiyeijua nyumba yako ataweza kuishika mkononi, asimame getini na kukuonyesha mlango wa jikoni uko wapi.

## Hatua ya 2: Kaa na kiwanja kabla ya kukipangia

Hapa ndipo wengi wanaruka. Toa nakala tatu za ramani yako, moja kwa kila jambo.

Jua. Dar es Salaam iko kusini mwa Ikweta kwa karibu nyuzi 7. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linaegemea kaskazini. Miezi inayobaki linaegemea kusini. Maana yake, kipande cha ardhi kilicho kusini mwa ukuta mrefu kitakuwa kivulini Juni na juani Desemba. Aliyepanga bustani yake kwa kivuli cha mwezi mmoja amejidanganya. Kisichobadilika ni upande wa magharibi: jua la saa tisa alasiri linaupiga mwaka mzima, na ukuta wake unatunza joto mpaka usiku. Weka alama upande huo, ndiko mti mkubwa unakohitajika.

Upepo. Kusi inavuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Kaskazi ndiyo inayokausha vyungu vya maua kwa siku moja. Walio karibu na bahari waongeze hesabu ya chumvi inayokuja na upepo.

Miguu. Kwa wiki moja chora mstari kila mtu anapopita: geti hadi mlangoni, jikoni hadi kwenye kamba ya nguo, mlango wa nyuma hadi kwenye pipa la taka. Mistari iliyorudiwa sana ndiyo njia zako. Ukipanda maua juu yake, yatakanyagwa, na utaishia kugombana na watoto kwa kosa lako mwenyewe.

Kuhusu maji sikuweka nakala ya nne, kwa sababu maji yanastahili hatua yao.

## Hatua ya 3: Yape maji njia ya kutokea

Anza na hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba yetu ya mita 10 kwa 12, ukijumlisha penu za paa, ina paa la mita za mraba kama 150. Mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika si habari ya kushangaza, inamwaga lita 3,000 kwenye gata zako. Kama gata zinamwagia kwenye kona moja, kona hiyo haitaota kitu hata ukipanda nini.

Fanya hivi:

1. Jaza mpira wa levo maji, ondoa mapovu yote, na upime mteremko kuanzia ukuta wa nyumba kwenda nje kwenye pande zote nne. Andika namba kwenye ramani.
2. Lengo ni ardhi ishuke sentimita 2 kwa kila mita 1 ikiondoka kwenye nyumba, angalau kwa mita 2 za kwanza. Pakiwa tambarare au pakirudi ndani, maji yatalala kwenye msingi. Kokoto wala zege havitasaidia, hamisha udongo.
3. Elekeza gata moja au mbili kwenye tanki. Maji ya ziada ya tanki yawe na bomba lake, yasimwagike chini ya tanki.
4. Yanayobaki yapeleke kwenye mtaro wa nyasi, yaani bonde pana na la kina kifupi (upana wa mita 1, kina cha sentimita 15), au kwenye shimo la kunywea.

Shimo la kunywea la mita 1 kwa 1 kwa kina cha mita 1.5, likijazwa mawe, linabaki na nafasi ya lita 500 hivi. Lifanye umbali wa mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi. Kwenye kichanga cha Kigamboni litakunywa siku nzima. Kwenye mfinyanzi litajaa mara moja na kubaki limejaa, kwa hiyo huko usipoteze pesa: tumia mtaro uliooteshwa nyasi mpaka kwenye mfereji wa barabara.

Usitoboe ukuta ukamwagia jirani. Kesi za maji ya mvua hufika kwa mjumbe haraka kuliko kesi za mipaka.

Utaipima kazi hii mvua ya kwanza kubwa ikinyesha. Toka na mwavuli, zunguka nyumba. Saa mbili baada ya mvua kukatika kusiwe na dimbwi popote karibu na ukuta, na kesho yake kusiwe na dimbwi popote kabisa. Kama lipo, usipande. Rekebisha.

## Hatua ya 4: Gawa kiwanja kwa kazi zake

Nyumba ikishatoa mita za mraba 120, kwetu zinabaki 380. Zinaonekana nyingi mpaka uanze kuzigawa.

Anza na uani. Lugha yetu ina utani wake: ua ni uwanja wa nyuma na ua ni la mmea, lakini kwenye ramani za watu vinashindana, na kinachoonewa kila mara ni uwanja. Kamba ya nguo, jiko la mkaa, mahali pa kukuna nazi na kuoshea masufuria makubwa siku ya shughuli, vyote viandikiwe nafasi. Mita 4 kwa 5 karibu na mlango wa jikoni, zenye sakafu ngumu au kokoto na jua la asubuhi, zinatosha familia. Bustani isiyo na mahali pa kuanika nguo, yenyewe itavalishwa nguo.

Kisha gari: mita 3 kwa 5.5 kwa kila moja, na nafasi ya kufungua milango. Kisha watoto, kama wapo, kipande kisicho na maua wala miiba. Kisha mahali pa wakubwa kukaa jioni, mashariki ya nyumba au chini ya kivuli cha baadaye cha mti wa magharibi. Mchicha, bamia, mchaichai na pilipili zikae hatua chache kutoka jikoni, kwa sababu mboga iliyo mbali haichumwi. Upande wa mbele, unaoonekana na wageni, ndio unaobaki kwa mapambo.

Chora maeneo haya kwa majivu ardhini, ukubwa halisi. Yaache siku tatu. Endesha gari uingie na utoke, anika nguo, weka viti. Kurekebisha mstari wa majivu ni bure. Kurekebisha zege, unajua mwenyewe.

## Hatua ya 5: Ujue udongo ulionao

Chimba kina cha sentimita 20 sehemu tatu tofauti. Jaza chupa theluthi moja kwa udongo, ongeza maji, tikisa dakika mbili, uiache wima. Mchanga unatua ndani ya dakika moja. Tope laini linachukua saa kadhaa. Mfinyanzi utauona kesho yake, na maji ya juu yanaweza kubaki machafu siku mbili. Tabaka nene zaidi ndilo jina la udongo wako.

Halafu pima unywaji. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakauke, ujaze tena na uhesabu saa moja. Yakishuka pungufu ya sentimita 2.5, hapo panatuamisha maji na mpapai utakufa. Panda juu ya matuta.

Kichanga kinahitaji samadi na mboji kwa wingi, maana hakishiki maji wala chakula. Changanya ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, kina cha sentimita 20. Mfinyanzi nao unahitaji mboji ileile, ila usiulime ukiwa umelowa, utaukandika kama matofali. Ukisikia mtu anakushauri kumwaga mchanga kwenye mfinyanzi, mshukuru na uendelee na mboji yako. Mchanga kidogo kwenye mfinyanzi unatoa kitu kinachofanana na zege.

Samadi mbichi huunguza mizizi. Ikiwa bado ina joto ndani au harufu kali, ilundike, ifunike na uigeuze kila wiki mbili kwa miezi miwili au mitatu.

Kwenye nyumba mpya kuna adui mwingine: mahali fundi alipochanganyia zege. Ukichimba ukakuta tabaka jeupe na vipande vya matofali, toa yote. Na kama unamwagilia kwa maji ya kisima, yaonje. Yakiwa na chumvi, ondoa miti laini kwenye orodha yako na ubaki na minazi, mikungu, bogenvilia na nyasi za Pemba.

## Hatua ya 6: Jenga njia, na kabla ya hapo zika bomba

Njia kuu, geti hadi mlangoni, iwe na upana wa mita 1.2 ili watu wawili watembee pamoja. Za pembeni sentimita 60 zinatosha.

Kabla ya kuweka tofali moja la pevingi, pitisha bomba la inchi 2 chini ya kila njia, uzibe ncha zake kwa nailoni, na uweke alama kwenye ramani. Siku utakayotaka maji au waya wa taa upande wa pili, utapitisha humo. Gharama yake ni ndogo sana, na sijakutana na mtu aliyeijutia.

Chimba sentimita 20 hivi. Weka moramu sentimita 10, imwagie maji, ishindilie mpaka kisigino kisiache alama. Juu yake mchanga sentimita 4, kisha tofali la unene wa sentimita 6. Kingo za pembeni zijengwe kwa saruji, vinginevyo tofali zitatawanyika. Kwa njia ya gari, moramu iwe nene zaidi na tofali la unene wa sentimita 8.

Njia nayo iiname, sentimita 2 kwa mita, kuelekea kwenye mimea. Mifuniko ya chemba iachwe wazi. Kuifunika kwa pevingi kunapendeza mpaka siku choo kinapoziba.

## Hatua ya 7: Miti

Kwenye kiwanja hiki kuna nafasi ya mti mmoja mkubwa. Mmoja. Najua unataka mwembe, mwarobaini na mkrismasi, lakini chagua.

Mwembe wa kubebeshwa ndio ushauri wangu: unabaki mfupi kuliko wa kokwa na unazaa mapema. Uweke magharibi, mbali na nyumba kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Mkrismasi una maua ya kuvunja shingo Desemba, ila mizizi yake inatambaa juu na kunyanyua pevingi. Mkungu unadondosha majani makubwa na kokwa. Usiuweke juu ya gata. Mnazi usiupande palipo na gari au viti, na sababu haihitaji kuelezwa.

Midimu, mipera, mistafeli na mikomamanga inaridhika na mita 3 au 4 kutoka ukutani. Mipapai panda miche mitatu kwenye shimo moja. Ikitoa maua utajua dume na jike, ndipo ubakize mmoja.

Mti wowote mkubwa ukae mbali na shimo la maji taka. Mizizi inafuata unyevu, na itaupata.

Jinsi ya kupanda:

1. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto.
2. Changanya udongo wa juu na ndoo moja ya samadi iliyooza, urudishe mpaka mche ukae usawa uleule uliokuwa nao kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliokuja nao.
3. Chana kiriba na ukitoe chote. Nimefukua miti ya miaka miwili iliyodumaa, kiriba kikiwa kimeibana kama soksi. Mizizi iliyojizungusha ikate kwa wembe.
4. Jaza, kanyaga kidogo, mwagilia lita 20.
5. Weka matandazo ya nyasi kavu unene wa kiganja, yaache wazi sentimita 10 kuzunguka shina. Yakigusa shina, mchwa wameshapata daraja.

Panda saa kumi jioni. Mche ukinywea siku mbili za kwanza, vumilia. Majani mapya ndani ya wiki nne au sita ndiyo dalili kwamba umeshika.

## Hatua ya 8: Uzio wa mimea, vichaka na maua ya kunukia

Panga kwa urefu: virefu nyuma, vifupi mbele. Na panda kwa makundi ya miche mitatu au mitano ya aina moja. Mmoja mmoja wa kila aina hufanya bustani ionekane kama meza ya muuza miche.

Mimea ya uzio ipishane sentimita 30 hadi 40. Minyaa ni rahisi na haifi, lakini utomvu wake unaumiza macho vibaya, kwa hiyo isikae palipo na watoto. Bogenvilia iwekwe juani na isimwagiliwe sana ikishashika. Ukiinywesha kila siku itakupa majani, na utadhani uliuziwa aina mbovu.

Sasa rudi kwenye ramani, kwenye dirisha la chumba cha kulala. Mwasumini au mkilua upandwe upande upepo unakotokea. Kusi ikivuma usiku, harufu inaingia yenyewe. Mlangilangi nao unanukia hivyohivyo, lakini ni mti, unahitaji nafasi yake.

Sahani za chini ya vyungu zimwagwe na kusuguliwa kila wiki. Mbu wa dengue hutaga kwenye maji safi kama hayo, na Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019.

## Hatua ya 9: Nyasi, na ziwe za mwisho

Zinakuja mwisho kwa sababu kila kazi iliyotangulia ingezikanyaga.

Juani kutwa nzima, ukoka unafaa na unavumilia mpira wa watoto. Penye kivuli kiasi au chumvi, panda nyasi za Pemba. Chini ya mwembe mkubwa usipande nyasi yoyote. Weka kokoto au benchi.

Ng'oa magugu, subiri wiki mbili yaliyobaki yaote, ng'oa tena. Sawazisha kwa reki ukilinda mteremko wa hatua ya tatu. Tandaza udongo uliochanganywa na mboji, sentimita 5. Kwa eneo la mita za mraba 60 hiyo ni mita 3 za ujazo; muulize dereva gari lake linabeba ngapi kabla ya kukubaliana bei ya "tripu".

Vipando vipishane sentimita 20, yaani 25 kwa kila mita ya mraba, jumla 1,500. Mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kisha mara moja kwa siku, kisha punguza. Usimruhusu mtu kupita kwa wiki sita. Kata mara ya kwanza zikifika urefu wa kidole, na usiondoe zaidi ya theluthi moja.

Zikifunga ardhi baada ya miezi mitatu, usawa, bila mabaka ya njano yanayofuata mkondo wa maji, basi hata mteremko wako ulikuwa sahihi. Mabaka yakionekana, usinunue mbolea. Rudi na mpira wa levo palepale.

## Miezi mitatu ya mwanzo

Mti mchanga upewe ndoo moja mara mbili kwa wiki kama hakuna mvua, polepole, maji yazame. Kunyunyizia kidogo kila siku kunaleta mizizi juu. Mche ukifa, fukua uone mizizi kabla ya kupanda mwingine shimo lilelile: mizizi myeusi yenye harufu ni maji kuzidi, mizizi mikavu ni maji kupungua, na shina lililotafunwa ni mchwa.

Na ile ramani usiitupe. Ongeza bomba ulizozika, miti uliyopanda na tarehe zake, uitie kwenye nailoni, uitundike nyuma ya mlango wa stoo. Fundi bomba wa kwanza atakayekuja na sururu, mwonyeshe kwanza hiyo.